Umetoka kwenye kisu, kiti cha ofisini kinakungoja

Safu hii hujibiwa na wataalamu wa fiziotherapia. Mwezi huu tumekusanya barua za waliopasuliwa mgongo na ambao kazi yao ni ya mezani. Majibu yanahusu mgongo wa chini tu, kiunoni kushuka. Aliyepasuliwa shingo asiyafuate. Na pale maelekezo ya daktari aliyekupasua yanapopishana na yetu, shika ya kwake, maana yeye ndiye aliyeona ndani.

Mguu hauniumi tena. Kwa nini nisirudi Jumatatu?

*Habari za kazi. Nina miaka 38, ni karani wa mishahara. Wiki tatu zilizopita niliondolewa kipande cha diski kilichokuwa kinabana mshipa wa fahamu. Kwenye karatasi wameandika L5-S1. Maumivu ya mguu yaliisha siku ile ile. Mwisho wa mwezi unakaribia na bosi anapiga simu kila siku. Nimekatazwa "kukaa muda mrefu" lakini hakuna aliyeniambia mrefu ni upi. – Karani, Dodoma*

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mguu kutulia siku ile ile ni dalili nzuri sana, na ndiyo hiyo hiyo inayowaponza wengi. Mshipa umeachiwa, kwa hiyo mguu umenyamaza, lakini diski yenyewe, iliyo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno (L5) na mfupa ulio chini yake (S1), bado haijapona. Ifikirie kama mto mdogo: nje ganda gumu la nyuzi nyuzi, ndani ute mzito. Ganda lilichanika, ute ukachomoza, daktari akaondoa kilichochomoza. Tundu kwa kawaida halishonwi. Linajiziba lenyewe kwa kovu, tena taratibu, kwa sababu diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Wiki sita za kwanza kovu hilo ni laini. Ukiinama mbele, ute husukumwa nyuma, kule kule kwenye tundu. Na kukaa umejikunja mbele ya kompyuta ni kuinama usikokuhisi. Kati ya watu 100 waliofanyiwa upasuaji kama wako, 5 hadi 15 diski huwatokeza tena, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari zaidi.

Kazi ya mezani baada ya upasuaji huu huanza kati ya wiki ya pili na ya sita. Ni pana, tunajua. Tarehe yako utaipata kwa kupima dakika, si kwa kuhesabu wiki. Kaa kwenye kiti kigumu mbele ya meza, washa saa ya simu, fanya kazi yoyote ya mikono. Dalili ya kwanza ikija (kalio kuwaka, paja kuvuta, kiuno kukakamaa), tazama dakika. Ondoa theluthi. Kilichobaki ndiyo dozi yako ya kukaa. Kama dalili imekuja dakika ya 30, dozi ni 20. Kaa dozi hiyo mara tano au sita kwa siku, kila mara ukimaliza utembee dakika tano. Siku mbili zikipita bila kuzidiwa, ongeza dakika tano. Usiongeze kwa sababu unajisikia vizuri leo. Ongeza kwa sababu jana na juzi zilikuwa nzuri.

Ukifika unakaa dakika 40 kwa mpigo, jumla ya saa nne kwa siku, na unatembea nusu saa bila kusimama njiani, nusu siku ya ofisi unaiweza. Kabla ya hapo fanya siku moja ya majaribio nyumbani: amka saa ya kazi, vaa nguo za kazi, kaa mezani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita kwa kufuata dozi. Hukumu haitoki jioni ile. Inatoka kesho yake unapoinuka kitandani.

Hapo kuna kanuni moja ya kubandika ukutani: maumivu ya mgongo yanasamehewa, ya mguu hayasamehewi. Mgongo kukakamaa, maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10, yaliyotulia kufikia asubuhi, hayo ni ya kawaida. Lakini yakishuka kupita goti, au ganzi iliyokwisha ikarudi, rudi kwenye dozi ya siku mbili nyuma. Yasipokwisha ndani ya siku mbili, mpigie daktari.

Ratiba tunayopendekeza: wiki ya kwanza saa nne kwa siku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa; ya pili saa nne kila siku; ya tatu saa sita; ya nne siku nzima. Kuhusu mwisho wa mwezi, tukwambie wazi: usirudi wiki ya kufunga mishahara. Hakuna kinachomgandisha mtu kitini kama hesabu isiyolingana kwa shilingi mia tatu. Mwenzako aingize tarakimu, wewe uzipitie kwa simu ukiwa umelala ubavu, kisha uanze rasmi wiki inayofuata.

Ofisi yetu ina viti vya plastiki

*Nilipanuliwa mfereji wa uti wa mgongo kwa sababu ulikuwa umesinyaa na miguu ilikuwa inakufa ganzi nikitembea. Sasa ni wiki ya tano. Nafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, kompyuta mpakato na makaratasi kutwa. Kiti ni cha plastiki. Viti vya mgongo nilivyoona dukani bei yake inakaribia mshahara wangu. Je, nikope? – Mombasa*

Usikope. Kiti cha bei kubwa hakimsaidii asiyeinuka, na kiti cha plastiki kinarekebishika.

Kasoro yake kubwa ni kwamba sehemu ya kukalia imeinamia nyuma. Nyonga zinashuka chini ya magoti, kiuno kinajikunja chenyewe, hata ukijitahidi kunyooka. Chukua blanketi jepesi au khanga mbili tatu, ukunje ziwe nene sentimita 4 hadi 5 upande wa nyuma na zipungue kuelekea mbele, mpaka utakapokaa magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukingo ukigusa, miguu itakufa ganzi na utadhani ugonjwa umerudi.

Halafu taulo. Lizungushe liwe mviringo, lifunge kwa raba mbili, liweke usawa wa mkanda wa suruali, si katikati ya mgongo ambako wengi huliweka. Kwa aliyeondolewa diski unene wa sentimita 8 hadi 10 unafaa. Wewe uliyepanuliwa mfereji anza na nusu yake, kwa kuwa migongo ya aina yako hupata nafuu ikiinama kidogo mbele na haipendi kusukumwa sana nyuma. Ukihisi taulo linakusukuma kutoka kitini, limezidi. Likunjue mzunguko mmoja.

Umeinua kiti, sasa nyayo zinaning'inia? Rimu moja ya karatasi chini ya kila mguu. Rimu ya A4 ya kawaida, karatasi 500, ina unene wa sentimita 5 hivi, na ofisi ya wakala haikosi rimu. Rimu mbili au tatu nyingine ziingie chini ya kompyuta mpakato hadi ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Ila usiinue kompyuta kabla hujapata kibodi na kipanya vya pembeni. Hivyo havina bei ya kutisha, na bila hivyo mabega yatapanda hadi masikioni. Anayevaa miwani ya sehemu mbili ashushe skrini kidogo, la sivyo atainua kidevu kutwa.

Rimu hiyo hiyo itumie kama mizani. Ina uzito wa kilo 2.5. Wiki sita za kwanza wengi huruhusiwa kubeba kilo 2 hadi 5, kwa hiyo rimu moja iliyokumbatiwa tumboni ni halali yako. Katoni ya rimu tano ni kilo 12.5: hapana. Chupa ya maji ya kwenye mashine, ile ya lita 19 au 20, usiiguse hata ikibaki tone moja na ofisi nzima ikiwa inakutazama wewe mwanamume.

Mafaili unayoyashika kila siku yatoke droo za chini yaje juu ya meza. Printa ikiwa nyuma yako na kiti hakizunguki, usigeuke kiuno huku makalio yamekaa. Inuka, geuka kwa miguu. Kuinama na kujisokota kwa wakati mmoja ndiko diski inakokuchukia zaidi. Karatasi za kusoma tu zisome umesimama kwenye kabati la mafaili, dakika 15 au 20, mguu mmoja juu ya kitu kifupi. Kusimama saa nzima nako ni kosa lile lile, mkao tu ndio umebadilika.

Kuinuka kwenyewe kuna namna yake. Telezesha makalio hadi ukingoni. Vuta visigino viwe chini ya magoti, mguu mmoja nyuma kidogo ya mwingine. Peleka kifua mbele kwa kukunja nyonga, kiuno kikiwa kimenyooka, mpaka pua ivuke magoti. Sasa sukuma kwa mapaja, viganja vikiwa juu ya mapaja au meza. Ukiona unajivuta kwa kushika ukingo wa meza, kiti ni kifupi mno.

Daladala, mwendokasi au bodaboda?

*Ninakaa Mbagala, ofisi ni Posta. Asubuhi natumia saa moja na nusu njiani. Niliondolewa diski, naambiwa wiki ijayo nianze. – Mhasibu, Dar es Salaam*

Kwanza hesabu: saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi ni saa tatu za kukaa kabla hujafungua kompyuta. Zitoe kwenye dozi yako. Kwa wengi waliofanya nusu siku wakazidiwa, kilichowazidi ni barabara.

Bodaboda iache wiki sita; aliyewekewa vyuma aiache miezi mitatu. Tatizo ni mtikisiko, matuta, na kuanguka. Bajaji inaonekana salama lakini abiria anakaa juu ya magurudumu ya nyuma, kila shimo linampanda moja kwa moja. Ndani ya daladala kimbia siti ya nyuma kabisa: iko nyuma ya tairi, kwenye tuta ndiyo inayorushwa juu kuliko zote. Kaa katikati ya gari, kati ya tairi za mbele na za nyuma, nyayo zikiwa sakafuni na taulo lako kiunoni. Mwambie konda kabla ya kupanda kwamba umepasuliwa mgongo na gari isimame kabisa ndipo ushuke. Ukimwambia mlangoni, gari inaondoka.

Mwendokasi una faida ya kusimama, jambo ambalo diski inalipenda kuliko kukaa. Egemea ukuta au nguzo, shika usawa wa kiwiko na si bomba la juu, kwa kuwa breki ya ghafla ukiwa umenyoosha mkono juu inakusokota kiuno chote. Bora kuliko yote, omba kuingia saa nne asubuhi na kutoka saa tisa kwa mwezi mmoja.

Kama una gari, usiendeshe ukiwa bado unameza tramadol au kodeini, dawa za maumivu zinazosinzisha. Ukishaziacha, kaa ndani ya gari iliyozimwa, kanyaga breki kwa nguvu zako zote mara kumi kwa haraka. Ukisita hata mara moja kwa kuogopa maumivu, bado. Na pochi itoke mfuko wa nyuma.

AC inaingia kwenye vyuma?

*Nina miaka 57, ni ofisa utumishi. Nimewekewa skrubu na vyuma L4-L5, yaani pingili mbili za mwisho za kiuno, wiki ya nane sasa. Ofisi yetu ina AC kali na watu wananiambia baridi itaingia kwenye vyuma. Nimenunua mkanda wa kiuno famasi, navaa toka asubuhi hadi usiku. Nikizidiwa nameza diklofenaki. Sigara nimepunguza hadi nne kwa siku. – Tanga*

Shikamoo mzee. AC ndiyo ndogo kuliko zote hapo. Vyuma viko ndani ya mfupa, chini ya misuli minene, vina joto lile lile la mwili wako hata ofisi iwe na nyuzi 18. Kinachokakamaa ni misuli iliyopigwa na upepo wa moja kwa moja. Geuza bapa za AC au hamisha meza, vaa sweta, basi.

Sigara ndiyo kubwa. Skrubu zinashika kwa muda tu, huku mfupa mpya ukiota kuunganisha pingili mbili. Mfupa huo huchukua miezi mitatu hadi sita kushika vizuri, wakati mwingine mwaka. Nikotini hubana vishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Mfupa usiposhika, chuma kinabeba mzigo peke yake, na chuma kinachobeba peke yake kila siku mwishowe hulegea au huvunjika. Nne kwa siku bado ni nikotini. Ugoro na kuberi pia ni nikotini. Hapa hatuna nusu ya kukupa.

Diklofenaki na ndugu zake nazo madaktari wengi huzikataza miezi ya mwanzo baada ya kuunganishwa pingili, kwa kuhofia kuchelewesha mfupa. Na kwa umri wako kuna tumbo, figo na presha. Mwulize daktari wako kuhusu parasetamoli kwa vipimo sahihi badala yake.

Mkanda: je, aliyekupasua ndiye aliyeuagiza? Kama ndiye, fuata masaa aliyotaja. Kama uliuchukua mwenyewe famasi, mpigie umweleze. Wengi tunaowaona hawauhitaji kutwa. Ukiwa umeuvaa, misuli ya tumbo hupumzika, na hiyo ndiyo misuli tunayoitaka ifanye kazi. Akikuruhusu kuuacha, toa saa moja zaidi kila siku, ukibaki nao kwenye safari tu hadi mwisho.

Kwa aliyeunganishwa pingili, kurudi mezani kwa kawaida ni wiki ya 6 hadi ya 12, kwa hiyo hujachelewa.

Ruhusa yangu ya ugonjwa imeisha kabla ya mgongo

*Mwajiri anasema sheria inanipa siku saba tu. Kweli? Na daktari ameniandikia "kazi nyepesi", bosi anajibu kwamba kazi yangu tayari ni nyepesi, ni ya kukaa. – Nairobi*

Karibu kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa angalau siku 7 za mshahara kamili, kisha siku 7 za nusu mshahara, ndani ya kila miezi 12, kwa aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo na mwenye cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini. Fungua mkataba wako na makubaliano ya chama cha wafanyakazi kama mnayo, kwani mara nyingi vinatoa zaidi, na siku za likizo ya mwaka zinaweza kuunganishwa kwa makubaliano. Wasomaji wetu wa Tanzania wana nafasi pana zaidi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Watumishi wa umma wana kanuni zao.

Kuhusu barua, bosi wako hajakosea kabisa. "Kazi nyepesi" kwa mtu wa mezani haina maana yoyote. Rudi kwa daktari au fizio wako uombe maneno yanayopimika: *Anaweza kufanya kazi saa 4 kwa siku kuanzia tarehe fulani. Ainuke kila dakika 30 kwa dakika 3 hadi 5. Asiinue zaidi ya kilo 5. Asikae kwenye gari zaidi ya saa moja kwa mpigo. Kwa wiki 4, kisha apimwe upya.* Barua ya namna hiyo ina mwanzo na mwisho, na mwajiri anaweza kuipangia mtu wa kushika zamu yako. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe kwa undani. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Kusujudu, na choo cha ofisini

*Adhuhuri na alasiri naziswali kazini. Vyoo vyetu vyote ni vya kuchuchumaa. Niliondolewa diski wiki nne zilizopita. Nimeanza kupunguza maji ili nisiende chooni. – Unguja*

Rudisha maji leo. Ukipunguza maji choo kinakuwa kigumu, utajikamua, na kujikamua umechuchumaa ni msukumo juu ya diski iliyojikunja. Hasa kama bado unatumia tramadol, ambayo nayo hufunga choo. Maji lita mbili hivi kwa siku, papai, mboga za majani. Siku tatu zikipita bila choo, omba dawa ya kulainisha.

Kwa choo chenyewe, fundi seremala anaweza kukukatia tundu kwenye stuli imara yenye urefu wa sentimita 42 hadi 45, miguu yake ikavishwa raba isiteleze kwenye vigae. Inawekwa juu ya tundu la choo na kuondolewa. Wiki sita zinatosha kwa wengi.

Swala: mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kitini, na namna yake sheikh wako atakufundisha. Sisi tunasema la mgongo tu: kitini hadi wiki ya sita, ukiashiria rukuu na sijda kwa kukunja nyonga, kiuno kimenyooka. Baada ya hapo fizio akufundishe kushuka chini kwa goti moja ukishika kiti. Kushuka na kuinuka ndiko kunakoumiza kuliko sijda yenyewe. Udhu utie umekaa, kopo mkononi, mguu mmoja juu ya goti la mwingine; usinyanyue mguu hadi kwenye sinki.

Dawa zinanisinzisha mezani

*Nameza pregabalini, dawa ya maumivu ya mshipa wa fahamu, asubuhi na jioni. Saa tano nimelala juu ya kibodi. – Arusha*

Usiikatishe ghafla, ikiachwa kwa siku moja huleta jasho, wasiwasi na kukosa usingizi. Mwombe daktari ahamishie sehemu kubwa ya dozi usiku au aipunguze hatua kwa hatua. Hadi hapo mtu mwingine ahakiki malipo yoyote unayoidhinisha.

Ganzi ya kidole gumba imebaki

*Miezi miwili imepita, maumivu hakuna, lakini juu ya unyayo na kidole gumba cha mguu ni kama si vyangu. Upasuaji umeshindwa? – Mwanza*

Hapana. Mshipa wa fahamu uliobanwa hurudi kwa mpangilio: kwanza maumivu huisha, kisha nguvu hurudi, ganzi huwa ya mwisho. Nyuzi za mshipa zilizokufa huota upya kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu mita moja. Piga hesabu mwenyewe. Ganzi iliyobaki inaweza kuendelea kupungua hadi mwaka na zaidi, na kiraka kidogo kinaweza kubaki daima bila madhara.

Unachopaswa kufuatilia ni nguvu. Kila Jumamosi tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vimeinuliwa, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Juu ya unyayo na kidole gumba ni eneo la mshipa wa fahamu wa L5, unaotoka kwenye pingili ya mwisho ya kiuno, kwa hiyo kwako kipimo ni visigino. Kama unyayo unazidi kuanguka wiki hadi wiki, usingoje miadi.

Na haya hayangoji hata asubuhi, awe nani na wiki yoyote: ganzi ya sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, miguu yote miwili kulegea. Nenda dharura usiku huo huo, masaa yanahesabika. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, au kidonda kutoa usaha, siku hiyo hiyo. Kichwa kinachopasuka ukikaa na kutulia ukilala, hasa kidonda kikitoa majimaji meupe kama maji, pia siku hiyo hiyo. Kigimbi kimoja kuvimba na kuuma baada ya siku nyingi za kulala kinaweza kuwa damu iliyoganda. Pumzi zikibana pamoja nacho, ni dharura.

Mama mkwe anataka kunikanda

*Maji moto na mafuta ya nazi, kama alivyonikanda nilipojifungua. Nimkatalie vipi? – Korogwe*

Usimkatalie, mpe mapaja na vigimbi, mradi kigimbi hakijavimba. Juu ya mshono na vidole vinne kila upande wake pasiguswe hadi wiki ya nane, maji moto yasimwagwe hapo kabla kidonda hakijafunga kabisa, na asije mtu wa kukanyaga mgongo wala kuuvunja vunja ulie. Mabega akukande jioni ukitoka kazini. Hayo ndiyo yatakayokuuma wiki ya kwanza.